Mteja Akikutaka Ufanye Kazi ya Majaribio Bure: Namna ya Kujibu, Hatua kwa Hatua

Faili lilikuwa na kurasa nne, na nilipolifungua nikaona sentensi ya kwanza imeanzia katikati. Ukurasa wa mwisho nao ulikatika kabla ya nukta. Mteja alikuwa ameandika kwamba hilo ni jaribio la kawaida tu, kwamba wafasiri wote hulifanya kabla ya kupewa kazi, na kwamba anahitaji kulipata kesho yake asubuhi. Nilikuwa mgeni katika kazi hii na nilimtaka sana mteja yule, basi nikakesha. Alfajiri nikampelekea. Hakujibu tena.

Miezi michache baadaye nilikikuta kijitabu kizima mtandaoni, na kurasa zangu nne zimo ndani yake, neno kwa neno. Kurasa zilizotangulia na zilizofuata hazikuwa za mkono wangu. Kila baada ya kurasa chache lugha inageuka, kama nguo iliyoshonwa na mafundi kumi wasioonana. Ndipo nilipoelewa maana ya "wafasiri wote": kila mmoja wetu alikuwa amepewa kipande chake, na kijitabu kikakamilika bila mtu hata mmoja kulipwa.

Tangu siku hiyo nimepokea maombi mengi ya namna hii na nimefikia msimamo ambao mwongozo huu wote umejengwa juu yake. Jaribio ni swali ambalo mteja anajiuliza kuhusu wewe. Unawajibika kumsaidia apate jibu, kwa njia iliyo nyepesi kwenu nyote wawili. Lakini pale ambapo kitu ulichokitengeneza kinaweza kuchukuliwa na kutumika kama kilivyo, hapo hakuna swali tena. Hiyo ni kazi, na kazi ina bei.

Sisemi kwamba kila anayeomba jaribio ni mwizi. Wengi wanaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Wameshawahi kulipa wakaletewa kazi mbovu, au wameshawahi kumwamini mtu akapotea na malipo ya awali. Hofu hiyo ni ya kweli na inastahili kujibiwa kwa heshima. Ninachokataa ni wazo kwamba njia ya pekee ya kuituliza ni wewe kufanya kazi bure.

Hatua ya 1: Lisome ombi mara mbili kabla ya kujibu

Usijibu ukiwa na furaha ya kuitwa. Acha saa chache zipite, kisha ulisome ombi tena ukijiuliza mambo manne.

La kwanza na kubwa kuliko yote: wakichukua nitakachowapelekea, wanaweza kukitumia kesho? Mfasiri akipewa aya moja kutoka makala ambayo tayari imeshachapishwa kwa lugha zote mbili, mteja hana cha kufaidi isipokuwa kukupima. Akipewa sura ya kitabu ambacho hakijatoka, hilo ni jambo jingine. Mbunifu akiambiwa achore nembo ya kampuni isiyokuwapo, anapimwa. Akiambiwa achore nembo ya kampuni hiyohiyo inayomwajiri, tena "tatu hivi ili tuchague", ameshaanza kazi. Mtengeneza programu akipewa fumbo dogo ambalo jibu lake linajulikana, ni sawa. Akiambiwa arekebishe hitilafu iliyomo kwenye mfumo wao unaofanya kazi leo, huyo amekuwa fundi wao.

La pili ni muda. Katika tafsiri, jaribio la bure ambalo wengi wetu tunalivumilia ni la maneno 200 hadi 300, yaani kazi isiyozidi saa moja kwa mtu mwenye uzoefu. Mimi saa moja ndiyo mpaka wangu kwa kazi ya aina yoyote. Na usikubali kadirio la mteja bila kulipima mwenyewe. "Ni ya dakika ishirini tu" mara nyingi husemwa na mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi yenyewe. Kaa chini uhesabu: kusoma maelezo, kutafiti, kuandika, kurekebisha, kupanga faili, kupeleka. Dakika ishirini huwa saa tatu.

La tatu: je, wanaopimwa wanapewa kitu kimoja? Hili waulize waziwazi. Anayepima kweli hulinganisha, na huwezi kulinganisha watu uliowapa maswali tofauti. Mteja akikwambia kila mtu amepewa sehemu yake, kumbuka kijitabu changu.

La nne ni haraka. Jaribio halina sababu ya kutakiwa usiku huuhuu. Kazi ndiyo yenye tarehe ya mwisho.

Majibu mawili yakienda vibaya, usifanye bure. Likienda vibaya lile la kwanza peke yake, linatosha.

Hatua ya 2: Mjue anayekuomba, na chunga faili analokutumia

Tafuta jina la kampuni, tazama tovuti yake ina umri gani na ina watu gani, hakiki kwamba anayekuandikia anatumia anwani ya barua pepe ya kampuni hiyo kweli na si anwani inayofanana nayo kwa tofauti ya herufi moja. Muulize atakayelipa ni nani. Mtu mwenye bajeti hujibu swali hilo kwa sentensi moja.

Hapa nataka kuzungumza hasa na watengeneza programu, maana kwao jaribio la bure lina hatari ambayo mfasiri haijui. Mwaka 2023 watafiti wa usalama wa mtandao wa Palo Alto Networks walieleza kampeni waliyoiita Contagious Interview, ambayo inahusishwa na wadukuzi wa Korea Kaskazini. Wadukuzi hujifanya waajiri, humwita mtengeneza programu kwenye usaili, kisha humpa jaribio: pakua mradi huu, uendeshe kwenye kompyuta yako, urekebishe kosa. Kosa lipo kweli. Ila ndani ya mradi kumefichwa programu hasidi, mojawapo ikijulikana kwa jina la BeaverTail, ambayo huiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kutafuta pochi za sarafu za kidijitali. Wewe unahangaika na kosa ulilopewa, kumbe mlango wa nyuma umeshafunguliwa.

Kwa hiyo msimbo wa mtu usiyemjua usiuendeshe kamwe kwenye kompyuta unayofanyia kazi zako za kila siku. Tumia mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako, isiyo na nywila wala faili zako, au mazingira ya mbali yanayoweza kufutwa ukimaliza. Kabla ya kusakinisha chochote, soma orodha ya vifurushi ambavyo mradi unavihitaji pamoja na amri zinazojiendesha zenyewe wakati wa kusakinisha. Kama ni mradi wa JavaScript, anza na faili la package.json. Ukiona mstari mrefu wa herufi zilizofumbwa zisizosomeka, funga. Na anayekusukuma uuendeshe sasa hivi huku mkiwa kwenye simu ya video, akikataa usome kwanza, huyo mwache hapohapo bila kuaga.

Kwa kazi nyingine hatari ni ndogo ila ipo. Hati inayokuomba uruhusu makro, yaani amri zilizofichwa ndani yake zinazojiendesha zenyewe, usiiruhusu. Faili lililofungwa kwa nywila ambalo eti lina "maelezo ya mradi" liangalie kwa jicho la shaka.

Hatua ya 3: Uliza anachotaka kukijua

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, nami nadhani ndiyo yenye manufaa makubwa kuliko zote. Kati ya kukubali kwa unyonge na kukataa kwa hasira kuna swali moja la adabu:

"Asante sana kwa kunifikiria. Kabla sijakujibu kuhusu jaribio, naomba nielewe: ni jambo gani hasa ungependa kulithibitisha kupitia kazi hii? Nikilijua, huenda nina kitu tayari kinachokuonyesha hilo leo leo."

Majibu yatakayokuja huangukia kwenye hofu chache. Mmoja anaogopa kwamba kazi zilizo kwenye potifolio yako hukuzifanya wewe. Mwingine ana hakika unajua kuandika, ila hajui kama utaweza kuandika kwa sauti ya kampuni yake. Mwingine aliumizwa na mtu aliyechelewa, naye anachopima ni kama unatimiza muda. Yupo pia anayelazimika kumridhisha bosi wake, na anahitaji karatasi ya kupeleka mezani.

Ukishaijua hofu yenyewe, jaribio la bure mara nyingi halina kazi tena. Anayeshuku kwamba kazi si zako, mweke kwenye simu ya video dakika ishirini umfungulie faili asilia, umwonyeshe rasimu ya kwanza, ya pili na ya mwisho, umweleze kwa nini ulifuta hiki ukaweka kile. Mwizi wa kazi hawezi kulijibu swali la "kwa nini". Anayeogopa ucheleweshaji, mpe mteja wako wa zamani azungumze naye, kwa ruhusa ya mteja huyo. Mwenye bosi mpe ukurasa mmoja wenye kazi tatu zinazofanana na yake na matokeo ya kila moja.

Na asiyeweza kukwambia anataka kujua nini? Ameshajibu.

Hatua ya 4: Andaa sampuli zako kabla hujaombwa

Kama ningeweza kurudi nyuma nikamshauri yule niliyekuwa usiku ule, ningemwambia hivi: saa unazozitoa bure zitoe kwako mwenyewe, mara moja, kisha uzitumie mara mia.

Kaa chini utengeneze sampuli tatu au nne za kazi unayotaka kupewa. Buni biashara ya kufikirika na uitengenezee nembo na kurasa mbili za tovuti. Chukua maandishi ambayo muda wa hakimiliki umekwisha uyafasiri, uweke lugha zote mbili bega kwa bega. Mhariri, tafuta maandishi yako ya zamani yaliyo mabaya, uyahariri, uonyeshe kabla na baada. Anayesimamia mitandao ya kijamii aandae mpango wa wiki mbili kwa biashara ya kubuni. Kwa kila sampuli andika aya moja: tatizo lilikuwa nini, uliamua nini, kwa nini.

Ile aya ndiyo inayouza. Picha nzuri wanazo wengi, lakini wateja hupenda kuona jinsi mtu anavyofikiri.

Ukiwa na sampuli hizi, jibu lako kwa ombi la jaribio linakuwa jepesi: "Nimeambatisha sampuli mbili zilizo karibu sana na mradi wako. Zitazame, kisha tuzungumze."

Hatua ya 5: Pendekeza kazi ndogo yenye malipo

Sampuli zisipotosha, na mteja ni wa kweli, mpe njia ya kukuonja kwa gharama ndogo. Iite kazi ya kuanzia. Usiiite jaribio, kwa sababu neno lenyewe linavuta bei chini.

Ikate ndogo kiasi kwamba mteja hapati kigugumizi: makala moja kati ya kumi, ukurasa mmoja wa tovuti, dakika mbili za video, hitilafu moja. Itoze kwa bei yako ya kawaida. Watu wengi hushusha bei hapa wakidhani wanajirahisishia mlango, na mimi nililifanya kosa hilo kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba bei ya kwanza mteja anayoiona ndiyo anayoishika akilini. Ukianza na nusu, siku ukitaja bei kamili ataona umepandisha. Ukitaka kumpa nafuu, mpe kwa mpango mwingine: mwambie akiendelea na mradi mzima, malipo ya kazi ya kuanzia yatakatwa kwenye ankara ya mwisho. Hapo bei imebaki bei, na yeye amepata sababu ya kuendelea.

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Naelewa kabisa kwamba ungependa kuona tunavyofanya kazi pamoja kabla ya kujifunga kwenye mradi mzima, na mimi pia ningependa hivyo. Napendekeza tuanze na makala moja ya maneno 800. Nitaikabidhi ndani ya siku tatu, ikiwa na duru moja ya marekebisho. Malipo ni ya bei yangu ya kawaida, nusu kabla sijaanza na nusu nikikabidhi. Ukiridhika tutaendelea na nyingine tisa. Usiporidhika, makala ni yako na tumeachana kwa amani."

Angalia sentensi ya mwisho. Inamwambia mteja kwamba hatari yake ina kikomo, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta alipoomba jaribio la bure. Ile nusu ya kabla ya kuanza ni kishika uchumba. Inaonyesha kwamba pande zote mbili zina nia, na asiyeweza kutoa hata hicho hatakuwa mwepesi wa kulipa nusu ya pili.

Kama mmekutana kwenye jukwaa la kazi za mtandaoni, una kinga ya ziada, basi itumie. Upwork, kwa mfano, huwakataza wateja kudai kazi ya bure kama sehemu ya kuomba kazi, na katika mikataba ya bei maalumu fedha za kila hatua hushikiliwa kabla hujaanza. Ukishakabidhi, mteja ana siku 14 za kuikagua kazi. Akinyamaza mpaka muda huo uishe, fedha huachiliwa kwako. Ndiyo maana mteja anayekuomba mhamie kwenye barua pepe "kwa jaribio tu" anakuomba uivue ngao yako.

Hatua ya 6: Jitayarishe kwa msukumo wa pili

Wengine hukubali mara moja. Wengine hurudi na maneno ambayo utayasikia mara nyingi mno katika maisha yako ya kazi huru, kwa hiyo ni vyema uwe na majibu mfukoni.

"Wenzako wote wamekubali." Usibishane wala usiwaseme wenzako. Jibu: "Naheshimu uamuzi wao. Kwangu mimi, kazi mahususi kwa mteja huwa na malipo, ndiyo maana nimekuletea sampuli na pendekezo la kuanzia kidogo." Kisha nyamaza. Ukiendelea kujieleza, mteja ataona bado mlango haujafungwa.

"Ni sera ya kampuni." Inawezekana kabisa ni kweli, na unayezungumza naye hana mamlaka ya kuibadilisha. Muulize kama sera inaruhusu jaribio lenye mada ya kubuni, au jaribio fupi zaidi. Mara kadhaa nimeambiwa "hilo linawezekana" na mtu ambaye dakika tano zilizopita alikuwa na sera isiyopindika.

"Ukifanya vizuri, kazi nyingi zinakuja." Hili ndilo linalotuponza zaidi, kwa sababu linagusa njaa yetu. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa popote halidaiki. Mwambie: "Nafurahi kusikia hivyo. Basi tuandike makubaliano ya kazi hizo, na hii iwe ya kwanza ndani yake." Mwenye kazi nyingi kweli atafurahi kuandika.

Na yule anayekwambia "kama unajiamini ungefanya bure" anakupima kitu kingine, kama unaweza kutishwa. Mshukuru, funga mazungumzo.

Kuna jambo linaniuma katika haya. Mara nyingi anayeshindwa kukataa ni yule anayehitaji malipo kuliko wote: aliyeanza juzi, asiye na akiba, anayehesabu siku. Mwenye wateja kumi hukataa kwa sentensi moja. Ndiyo maana sitamlaumu anayekubali, na hatua inayofuata nimemwandikia yeye.

Hatua ya 7: Ukiamua kuifanya bure, ifanye kwa masharti yako

Pengine mteja ni wa maana sana kwako, au fani yako ina mazoea hayo, au huna bado kitu cha kuonyesha. Sawa. Basi weka mipaka kwa maandishi kabla hujagusa kalamu. Ujumbe mfupi wa barua pepe unatosha, alimradi ajibu kwamba amekubali:

"Nitafanya jaribio hili kwa muda usiozidi saa moja. Ni kwa ajili ya tathmini pekee. Haki zote zinabaki kwangu, na kampuni haitalitumia, kulichapisha wala kulirekebisha bila makubaliano ya maandishi na malipo. Naomba uthibitishe ili nianze."

Chini ya maneno hayo una msingi imara. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mwaka 1886 na ambao nchi nyingi sana duniani ni wanachama wake, unasema kwamba haki ya mtunzi haitegemei usajili wala utaratibu wowote rasmi. Ukishaiandika au kuichora, ni yako. Kutolipwa hakumpi mteja umiliki.

Lakini mkataba huohuo na mingine iliyoufuata ina mpaka ambao lazima uujue: hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Makubaliano ya TRIPS ya mwaka 1994, ambayo ni ya kimataifa kuhusu haki miliki katika biashara, yanalitamka hilo bila kificho. Maana yake kwa mshauri wa masoko, mtaalamu wa mikakati au mbunifu wa bidhaa ni nzito. Ukimwandikia mteja mpango mzima wa kampeni kama jaribio, anaweza kulichukua wazo, akaliandika upya kwa maneno yake, nawe huna pa kushika. Kwa hiyo katika fani hizo onyesha uchunguzi, zuia tiba. Mwambie ni wapi wateja wake wanapotelea njiani, na kwa nini unafikiri hivyo. Namna ya kuwarudisha iache kwenye kazi yenye malipo.

Kwa wanaotengeneza vitu vya kuonekana na kusikika kinga ni nyepesi zaidi. Peleka picha yenye ubora mdogo, na jina lako limeandikwa hafifu juu ya picha nzima, si pembeni panapoweza kukatwa. Video iwe na maandishi yanayopita katikati. Sauti iwe na mlio kila baada ya sekunde kadhaa. Maandishi yapeleke kama PDF. Faili asilia haliondoki kwako hata kwa kubembelezwa.

Chunguza pia fomu wanazokuletea usaini kabla ya jaribio. Fomu ya kutunza siri ni jambo la kawaida. Ila soma mpaka mwisho, kwa sababu nimekutana na fomu za siri ambazo aya ya tano au ya sita inasema kila utakachokitengeneza ni mali ya kampuni tangu dakika unapokitengeneza. Omba aya hiyo ifutwe, au iongezwe maneno "baada ya malipo kamili". Wakikataa, sasa unajua jaribio lilikuwa la nini.

Na saa ikifika, simama, hata kama haijakamilika. Andika chini: "Hapa ndipo saa moja ilipoishia, ningeendelea hivi na hivi." Mteja mzuri huisoma sentensi hiyo kama ushahidi kwamba unajua kupanga muda.

Hatua ya 8: Tunza kumbukumbu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua jedwali dogo: tarehe, nani aliomba, aliomba nini, ulitumia saa ngapi, kilitokea nini. Kila baada ya miezi sita lisome. Linganisha saa ulizotoa bure na kazi zilizopatikana kutokana nazo. Mimi jedwali langu ndilo lililonipa ujasiri wa kukataa, maana liliniambia kwa namba zangu mwenyewe jambo ambalo nilikuwa nikilihisi tu.

Hifadhi pia barua pepe zote za makubaliano na faili zenye tarehe zake. Utazihitaji kwa hatua inayofuata, Mungu apishe mbali.

Hatua ya 9: Ukiikuta kazi yako inatumika

Usianze kwa kulalama hadharani. Kwanza kusanya ushahidi, kwa sababu kitu cha kwanza wanachofanya wakishtuka ni kufuta. Piga picha za skrini zinazoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe. Hifadhi nakala ya ukurasa kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni pamoja na tarehe zake, ili pawepo na shahidi asiye wewe.

Kisha tuma barua fupi yenye ankara. Iwe na utulivu: kazi hii niliikabidhi tarehe fulani kwa tathmini pekee, kama ulivyothibitisha kwenye barua ya tarehe fulani, nimeona inatumika hapa, ankara ya matumizi hayo imeambatishwa, na naomba ilipwe ndani ya siku 14 au kazi iondolewe. Wengi hulipa au huondoa hapo, hasa kama barua imefika kwa mtu wa fedha na si kwa yule tu aliyekuomba jaribio.

Wasipojibu, iandikie kampuni inayohifadhi tovuti yao. Kama kampuni hiyo iko Marekani, sheria ya nchi hiyo ya hakimiliki mtandaoni, DMCA ya mwaka 1998, imeweka utaratibu wa taarifa ya kuondoa maudhui, na kampuni nyingi kubwa za aina hiyo zina fomu yake. Taarifa yako itaje kazi ni ipi, iko wapi, na tamko kwamba wewe ndiye mwenye haki. Tamko hilo lina uzito kisheria, hivyo lisiwe na hata neno moja usilokuwa na hakika nalo. Kwa fedha nyingi zaidi ya hapo tafuta mwanasheria. Kama mlikutana kwenye jukwaa la kazi, peleka malalamiko huko pia.

Lipo pengo moja la kulijua mapema. Jiji la New York lina sheria ya kuwalinda wafanyakazi huru, ilianza kutumika Mei 2017, nayo inadai mkataba wa maandishi kwa kazi zinazofikia dola 800 na malipo ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika pale mkataba usipotaja tarehe. Ni sheria nzuri. Ila inalinda malipo mliyokubaliana. Jaribio ambalo wewe mwenyewe ulikubali kulifanya bure linabaki nje ya ukuta huo, na ndiyo sababu nimetumia maneno mengi zaidi kwenye hatua za mwanzo kuliko hii.

Hatua ya 10: Mteja akinyamaza

Umeshamwandikia kuhusu kazi ndogo yenye malipo, na kimya kimetanda. Ngoja siku tano za kazi, umkumbushe mara moja kwa sentensi mbili, kisha mtoe kwenye orodha yako. Usirudi kumwambia kwamba umefikiri upya na utaifanya bure. Mwonja asali haonji mara moja, na mteja aliyekuona ukirudi nyuma atakuja na ombi jingine kabla ya ankara ya kwanza.

Jaribio ulilolifanya wakalikataa, na hukusaini siri yoyote, lichukue. Ondoa jina la kampuni na kila kinachoitambulisha, libadilishe liwe la biashara ya kubuni, urekebishe yale ambayo sasa unaona yalikuwa na kasoro, kisha uliweke kwenye potifolio pamoja na aya yake moja. Zile kurasa zangu nne, zikiwa zimefasiriwa upya kutoka mwanzo hadi mwisho, ndizo sampuli ya kwanza niliyowahi kuwa nayo.